Kupata Nafasi ya Mazoezi Unayoyapenda Kati ya Kazi na Familia

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na kwa kuwa mwongozo wake wa mwaka 2020 hauhitaji tena kila kipindi kifikie dakika 10, hata kupanda ngazi za ofisini kunahesabika.

Chagua kwanza unachokipenda, kisha kitafutie muda. Mfanyakazi wa Dar es Salaam anaweza kushuka kwenye basi la mwendokasi vituo viwili kabla ya kile cha kazini kwake na kumalizia safari kwa miguu, akiwa amevaa raba na viatu vya kazi vikiwa mkobani; afanye hivyo asubuhi, kwani joto la mchana, hasa mwezi Februari, humkatisha tamaa hata mwenye nia njema.

Jioni, badala ya kuwakwepa watoto ili upate nafasi, cheza nao rede. Anayekaa katikati hulazimika kukwepa mpira anaorushiwa na wenzake huku akijaza mchanga kwenye chupa, hivyo huinama, huruka na kukimbia bila kuhesabu dakika, na watoto nao hujipatia sehemu ya dakika 60 wanazohitaji kila siku. Kwa maoni yangu, hakuna gimu inayoushinda mchezo huu.

Wapenda kukimbia wajiunge na klabu ya joging ya mtaani mwishoni mwa wiki, baada ya kukubaliana na mwenzi nani atabaki na watoto Jumamosi na nani Jumapili.