Kustaafu Mbeya kwa pensheni ya Kenya: piga hesabu ya mwaka, si ya mwezi

Nimefundisha shule za msingi Kwale na Mombasa kwa miaka 34. Nilipofika 60 nikapewa barua yangu, na pensheni ikatulia kwenye shilingi 36,000 za Kenya kwa mwezi. Mdogo wangu aliolewa Mbeya zamani na mfanyakazi wa reli ya TAZARA, na ndiye aliyenivuta huku. Sasa naingia mwaka wa nne, nikiwa mpangaji mtaa wa Nzovwe, na walimu wenzangu wa Mombasa hawaishi kunipigia simu: "Mwalimu, pesa hiyo yatosha kweli?"

Yatosha. Lakini sikilizeni vizuri, maana nawajua wastaafu wawili waliokuja na pensheni kubwa kuliko yangu, wakarudi kabla mwaka haujaisha. Hawakuponzwa na bei. Pensheni huingia kwa mwezi, ilhali maisha ya huku hudai kwa mafungu makubwa: kodi ya miezi sita kwa mpigo, mchele wa mwaka wakati wa mavuno, mkaa kabla ya mvua, kibali cha ukaazi, nauli ya kwenda kuwaona wajukuu. Ukila pensheni yote mwezi ule ule kwa kuwa soko ni rahisi, fungu la kwanza likija linakukuta mikono mitupu.

Basi mimi hufanya hivi. Pensheni yangu ikibadilishwa hunipa kati ya laki sita na nusu na laki saba za Tanzania. Mimi huhesabu laki sita na nusu tu. Kinachozidi nakichukulia kama hakipo. Siku ile ile natoa 350,000 na kuiweka kwenye akaunti ambayo sina kadi yake: 150,000 ya kodi, 80,000 ya kibali na safari ya nyumbani, 60,000 ya ghala, 60,000 ya matibabu. Zinazobaki, 300,000, ndizo za kuishi. Soko huchukua 120,000, gesi 30,000 (mtungi wa kilo 15 hunifikisha miezi miwili), umeme 20,000, maji 10,000, simu 20,000, daladala na bajaji 20,000, na 40,000 namlipa binti anayekuja kunifulia na kudeki mara mbili kwa wiki. 40,000 ya mwisho ni ya misiba na michango. Hiyo msiikate, nitaeleza kwa nini.

Nyumba ndiyo inayotaka macho zaidi. Wenye nyumba wengi hutaka miezi sita au mwaka mzima, na dalali naye hutaka kodi ya mwezi mmoja kwa kazi yake. Njoo nayo yote mkononi, lakini usilipe siku ya kwanza. Mimi nilikaa kwa mdogo wangu wiki tano nikizunguka kwa miguu, na nyumba niliyoipata nilionyeshwa na muuza mboga, si dalali. Uliza kama luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako au mnachangia na wapangaji wengine, maana luku ya kuchangia ni ugomvi wa kila wiki. Uliza maji hutoka siku zipi na kama kuna simtanki, lile tangi kubwa la kuhifadhi maji. Kisha inua macho: kama hakuna dari, achana nayo hata ikiwa ya bei poa. Bati tupu usiku wa Juni ni sawa na kulala nje. Tafuta chumba cha kulala ambacho dirisha lake hupata jua la jioni, ukuta ukilimeza jua lile hukaa na joto mpaka saa tatu usiku. Na mkataba uandikwe kwa shilingi. Tangu 2025 kanuni zimekataza kupanga bei kwa fedha za kigeni nchini Tanzania, kwa hiyo anayekutajia dola kwa sababu ameona pasipoti, mwambie hivyo kwa heshima.

Baridi nisiipitie haraka, maana sisi watu wa pwani hatuijui. Mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Loleza. Juni na Julai ukipumua asubuhi unaona mvuke. Mablanketi mazito na sweta za mitumba utazipata soko la Mwanjelwa, usizibebe kutoka Mombasa. Ila kuna jambo moja nawasihi kama ninavyowasihi wanangu: usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga madirisha ukalala. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu hupitiwa usingizini bila kushtuka. Kila msimu wa baridi habari hizo husikika. Otea moto sebuleni mlango ukiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabisa kabla hujapanda kitandani. Kitandani weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga, inatosha.

Kwa sababu hiyo hiyo nasema njoo kwanza mwezi Juni kukaa mwezi mzima, ukiwa bado na funguo za nyumba yako ya kwenu. Ukiimudu Juni, miezi mingine ni neema.

Sasa karatasi. Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania, lakini pasipoti lazima, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano ukiweke ndani yake. Hapo mpakani Horohoro wanaweza kukiuliza. Muhuri wa mgeni una siku zake. Zisome pale pale dirishani na uziandike kwenye kalenda. Anayetaka kuishi huomba kibali cha ukaazi daraja C, ambacho ndicho cha wastaafu, wanafunzi na wamisionari, yaani watu wasiokuja kufanya kazi ya mshahara wala biashara. Mimi nilipeleka barua ya kustaafu, taarifa za benki zinazoonyesha pensheni, hati ya tabia njema na picha. Ada ulizeni ofisi ya uhamiaji yenyewe na mlipe kwa namba ya malipo ya serikali. Mtu wa kahawani atakayesema "nipe mimi, mama, nitakusukumia" usimpe hata senti.

Daraja C si la kuchuma, na hili wenzangu hulisahau. Kuna aliyetaka kufungua kigenge cha mahamri na viazi vya rojo, akiona watu wa Mbeya watavipenda, na wangevipenda kweli. Lakini mbali na masharti ya kibali, amri iliyotolewa Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya biashara nyingi ndogo, zikiwemo za rejareja, uwakala wa pesa za simu na saluni. Kama pensheni peke yake haitoshi, usije ukitegemea kuuza kitu.

Na ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Mwaka wangu wa kwanza dalali mmoja alinipeleka Uyole kwenye kiwanja kizuri, mlima mbele, maparachichi nyuma, akasema tutaandika jina la shemeji yangu. Nilikuwa nimeshatoa pesa benki. Mdogo wangu ndiye aliyenizuia, akaniuliza: "Dada, mume wangu akitangulia, watoto wake wakubwa watakujua wewe?" Nikazirudisha benki siku ile ile. Kupanga si aibu.

Chakula ndicho kilichonifanya nibaki. Kwetu mbatata hununuliwa kwa kilo. Huku huitwa viazi mviringo na hupimwa kwa sado au ndoo, vikitoka Uporoto na udongo wake. Ndizi na maparachichi hushuka kutoka Tukuyu, mchele hupanda kutoka Kyela na Usangu. Kosa la mgeni ni kununua kilo mbili mbili mwaka mzima. Mpunga huvunwa kuanzia Mei hadi Julai, na bei huwa chini wakati huo. Januari hadi Machi ghala za watu zikiisha, hupanda. Mwaka jana nilinunua kilo 60 mwezi wa saba kwa 2,200 kila kilo. Februari jirani yangu akanunua mchele wa aina ile ile kwa 3,200.

Kabla hujalipa, tia mkono katikati ya gunia, si juu. Ng'ata punje: ikivunjika kwa mlio, ni kavu, ikibonyea, itaota ukungu. Angalia chenga. Nunua kilo moja kwanza, kapike, maana si kila kinachoitwa Kyela kimetoka Kyela. Na mchele mpya usiutie maji mengi, utakuwa bokoboko. Mahindi na maharage nayo nanunua Agosti, nayatia kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili yasiliwe na wadudu, na gunia zote hukaa juu ya chaga ya mbao mbali na ukuta. Mvua ya Novemba mpaka Aprili huleta unyevu unaopanda kutoka sakafuni. Mkaa wa akiba nao uingie ndani Septemba au Oktoba.

Samaki nitawaambia ukweli: changu na tasi wa kwetu sahauni.

Afya nimeigawa hivi. Kwa dawa za presha niko na karatasi ya daktari iliyoandika jina la dawa yenyewe, amlodipini, si jina la kampuni, kwa kuwa paketi za huku ni nyingine. Kadi yangu ya SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, zahanati ya hapa haikuitambua, kwa hiyo zile 60,000 za kila mwezi ndizo bima yangu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko mjini hapa hapa. Mjini mbu ni wachache kwa ajili ya baridi, lakini ukishuka Kyela kulala, beba chandarua.

Pesa yenyewe hunifikia kwa njia mbili: mwanangu hunirushia kutoka M-Pesa ya Kenya hadi M-Pesa ya Tanzania, au natoa kwa kadi ya benki mara moja kwa mwezi, kwa sababu kila ukitoa unakatwa. Linganisha zote mbili siku hiyo hiyo kabla ya kuchagua.

Nimesema 40,000 ya misiba msiikate. Wiki ya kwanza nenda serikali ya mtaa ukajitambulishe kwa mwenyekiti na mjumbe, kisha ingia kwenye daftari la michango la mtaa. Jirani akifiwa, funga kitenge, nenda ukakae, saidia kuchambua mchele. Jifunze Kinyakyusa kidogo: kusema "ugonile" ukisalimu asubuhi na "ndaga fijo" ukishukuru. Mwaka wa pili nililazwa siku tisa, na wanawake niliochambua nao mchele wakagawana zamu bila kuitwa: mmoja uji, mwingine kufua, mwingine kulala nami.

Mmoja wao, wa nyumba ya mkono wa kulia, anatunza bahasha yangu. Ndani kuna nakala ya pasipoti na kibali, namba za mwanangu na za mdogo wangu, majina ya dawa zangu, namba ya imamu, na karatasi niliyoiandika kwa mkono kwamba nikifa huku nizikwe huku, siku hiyo hiyo, nisisafirishwe. Kila Januari naenda kuifungua naye mezani, tunabadilisha kilichobadilika, tunaifunga tena.