Jinsi ya kumwombea mzee kitambulisho cha matibabu bure Dar es Salaam

Juzi nimemaliza kumfuatilia bibi yangu kitambulisho cha msamaha wa matibabu. Ana miaka 74, na Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, kwa hiyo umri haukuwa shida. Kilichotuponza ni herufi moja.

Anzieni serikali ya mtaa. Mwenyekiti anaandika barua kwamba yeye anamfahamu mzee, na kwamba mzee anaishi hapo na hana uwezo wa kujigharamia. Hilo la kukosa uwezo lazima liandikwe, maana msamaha ni wa wazee wasiojiweza. Barua ya kawaida ya utambulisho, ile ya kufungulia akaunti benki, itawarudisha mlikotoka. Mkishapata muhuri wa mtendaji, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa kata mkiwa na picha za pasipoti na nakala ya kitambulisho cha taifa cha NIDA.

Hapo ndipo tulipopoteza siku tatu. Barua ilisema Zuhura, NIDA inasema Zuhra. Tukarudi kesho yake na kadi ya mpigakura, kumbe huko jina la mwisho ni la marehemu babu, si la baba yake. Tukatakiwa tukaape kwa wakili. Bibi magoti yanamsumbua. Kila safari nilimshika kiuno apande daladala, naye amebana bahasha kwapani asiiachie hata kondakta alipotaka kumsaidia. Iliniuma sana. Tandaza karatasi zote kabla hamjatoka nyumbani, soma majina herufi kwa herufi, na mwombe mwenyekiti aandike kama NIDA ilivyoandika, hata kama mtaani mzee anaitwa vingine.

Mzee asiyeweza kuamka usimbebe. Mwombe afisa ustawi aje amwone nyumbani.

Kitambulisho kikitoka, tibiwa kwanza zahanati au kituo cha afya. Hospitali kubwa kama Amana au Muhimbili mwende na rufaa. Ulizieni dirisha la wazee. Dawa ikikosekana, msikimbilie duka la nje: rudini kwa daktari muulize kama ipo nyingine inayofanya kazi hiyohiyo, kisha mpite ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali.

Na kama jirani yako ni mzee asiye na mtoto wala mjukuu, mfikishe kwa afisa ustawi huyohuyo. Hata safari ya kuhamia makazi ya wazee ya Nunge, Kigamboni, huanzia ustawi wa jamii.