Kabla Mzoefu Hajastaafu: Mambo ya Kuzingatia Ofisini

Kwa kawaida mtumishi wa umma Tanzania hustaafu kwa lazima akifikisha miaka 60, na kwa hiari anaweza kuondoka kuanzia 55. Tarehe hiyo ya lazima inajulikana mapema, kwa hiyo hakuna sababu ya kuja kumkimbiza wiki ya mwisho, wakati tayari anahangaikia mafao yake na kufunga mizigo. Anzeni makabidhiano ya kazi na ujuzi wake mwaka mmoja kabla.

Tafuteni kwanza yale anayoyajua ambayo hayamo kwenye jalada. Chukua fundi wa siku nyingi katika mamlaka ya maji. Ramani inaonyesha bomba kuu limepita kushoto mwa barabara, lakini yeye anajua kwamba barabara ilipopanuliwa lilihamishiwa kulia, na kwamba vali ya kule mlimani hufunguliwa polepole, la sivyo viungio vya bondeni vinapasuka. Mkimwita ofisini na kumuuliza ana lipi la kuwaachia, atasema hana, na atakuwa anasema kweli, maana kwake hayo ni kazi ya kila siku. Tembeeni naye njia yote ya bomba, mrithi wake akiwepo, na kila anaposimama aulizwe sababu. Ramani irekebishwe siku hiyohiyo. Safari inayofuata mrithi afungue vali mwenyewe, mzee akimtazama.

Masjala, yaani sehemu ya kutunzia majalada, nayo ikaguliwe. Majalada yaliyolala kwenye droo na makabati yarudi, kwa kuwa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 inamtaka mkuu wa ofisi ya umma atunze kumbukumbu za kazi za ofisi yake. Maamuzi yaliyopitishwa kwa simu au kwenye kundi la WhatsApp yaandikiwe dokezo sasa, yaani maelezo mafupi ndani ya jalada, pamoja na sababu zake. Dokezo lenye neno "nakubali" peke yake halimsaidii atakayelisoma miaka mitano baadaye.

Nywila asimwachie mtu. Kitengo cha TEHAMA kifunge akaunti yake na kumfungulia mrithi ya kwake.

Hati ya makabidhiano isainiwe na wote wawili baada ya kuhakiki vitu kimoja kimoja. Mkubaliane pia kama anaweza kupigiwa simu baadaye, na mkimhitaji aje kazini kwa siku nzima, mtengeeni nauli na posho.