Banda la kuku kabla ya baridi ya Juni: ya kuzingatia kwa wafugaji wa Njombe na Makete

Kuku mkubwa hafi kirahisi kwa baridi yetu. Joto la mwili wake ni nyuzi 41 hivi, na manyoya yake ni koti tosha. Anachoshindwa ni unyevu, na unyevu huo mara nyingi tunampelekea wenyewe. Mei ikikaribia kuisha tunatafuta viroba na maturubai, tunaziba kila tundu mpaka banda linakuwa kama chungu kilichofunikwa. Asubuhi bati linatoa jasho, matone yanawadondokea mgongoni, maranda yanalowa, na baada ya siku chache unasikia banda zima linakoroma kwa mafua.

Kwa hiyo shughulika na upepo kwanza. Miezi hii unavuma kutoka kusini-mashariki, na jua linapita upande wa kaskazini. Basi upande wa kusini ziba kuanzia chini hadi juu. Mabanzi ya paini yanafaa, mradi mianya yake uikandike udongo. Kaskazini jenga ukuta wa kufika kiunoni, juu yake weka wavu, na pazia la viroba la kushusha usiku. Lakini chini ya bati acha uwazi wa kiganja kimoja, nao uwe na wavu kwa sababu ya vicheche. Huo usiuzibe hata siku ya ukungu.

Unataka kujua kama umepatia? Alfajiri, kabla hujawatoa, ingia uchuchumae mpaka pua ifike usawa wa kuku. Macho yakiwasha, hewa haitoki. Ukisimama wima hutagundua kitu.

Kichanja kiwe cha ubao bapa wa sentimita 5 au zaidi, si fito nyembamba. Kuku akikaa kwenye ubao anavilalia vidole vyake, manyoya ya tumbo yanavifunika. Kiwe chini ya ule uwazi, upepo upite juu ya vichwa vyao. Sakafuni mwaga maranda makavu, sentimita 10 au zaidi. Viwanda vya mbao havituishii huku, ila yachukue kabla hayajanyeshewa.

Vifaranga ni habari nyingine. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, na hapo ndipo jiko la mkaa linapoingia. Nimewahi kufungua mlango asubuhi nikakuta wamelala chali, jiko bado la moto. Mkaa usiotoa moshi bado unatoa hewa ya sumu, tena haina harufu. Ukilazimika kuutumia, washia nje, uive wote ndipo uingize, na uwazi wa juu ubaki wazi. Kisha waangalie wenyewe: wakibanana wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni na kutweta joto limezidi.

Chanjo ya kideri, ugonjwa wa kuku unaoitwa pia mdondo, wapatie mapema, isisubiri waanze kuzubaa. Jioni ongeza mahindi kidogo, maana usiku ni mrefu na chakula ndicho kuni zao. Kwa walio juu kabisa, kama Kitulo kwenye mita 2,600, ambako sakitu, yaani umande ulioganda, inaanguka, maji yaliyobaki jioni yamwage usiku ule ule, asubuhi uwape ya vuguvugu.