Kuandaa sebule kwa ajili ya muziki wa okestra kubwa

Muziki wa okestra kubwa huvitesa vyombo vya kusikilizia muziki nyumbani kuliko muziki mwingine, na sababu si wingi wa ala peke yake. Nyimbo nyingi za redioni hurekodiwa kwa sauti inayokaribiana tangu mwanzo hadi mwisho, lakini simfoni hushuka hadi fidla moja isikike kwa mbali, kisha ghafla wapigaji wapatao mia moja huvuma kwa pamoja. Anayetaka kuusikiliza nyumbani hana budi kuhakikisha kwamba sauti ya chini inasikika na kishindo hakikwaruzi, na kazi hiyo huanza na chumba kabla ya kununua chombo chochote.

Kwanza tafuta utulivu. Zima pangaboi, funga madirisha, na ikiwezekana sikiliza usiku magari yanapopungua. Kisha simama katikati ya sebule upige kofi moja. Sebule zetu nyingi zina sakafu ya vigae na kuta za saruji, kwa hiyo utasikia mlio mkali unaojirudia, na mlio huohuo ndio utakaozivuruga fidla. Zulia nene kati ya spika na kochi, mapazia mazito na kabati la vitabu hupunguza sana tatizo hilo. Ili kujua ni wapi hasa ukutani pa kuziba, kaa mahali pako pa kusikilizia, umwombe mtu atelezeshe kioo ukutani taratibu. Popote utakapoiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo sauti inapogonga na kukurudia.

Mahali pa kuweka spika ni jambo la kulifanyia kazi kwa subira kuliko yote. Spika mbili pamoja na kichwa chako viunde pembetatu ya pande sawa, tuseme mita 2 hadi 2.5 kila upande, na twita, yaani vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, ziwe usawa wa masikio yako unapokuwa umeketi. Zisogeze mbele, angalau nusu mita kutoka ukuta wa nyuma, wala usizisukume kwenye kona, kwa sababu kona huivimbisha besi. Katika chumba chenye urefu wa mita 5, sauti nzito ya takriban hezi 34, yaani mitetemo 34 kwa sekunde, hurundikana kwenye kuta mbili za mwisho na kufifia katikati. Uzi wa sauti ya chini kabisa wa kontrabesi ya kawaida, ala kubwa kuliko zote katika jamii ya fidla, ni takriban hezi 41, hivyo mkao wako una athari kubwa: usiegemeze kochi ukutani, wala usiliweke katikati kabisa ya chumba.

Amplifaya iwe na akiba. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na kila desibeli 10 zinazoongezeka hudai nguvu mara kumi, kwa hiyo kama kifungu cha kawaida kinatumia wati 1, kishindo kilichokizidi kwa desibeli 20 kitadai wati 100 papo hapo. Amplifaya isipozipata, tarumbeta zitakwaruza na twita inaweza kuungua. Usiamini wati za PMPO, yaani za kilele cha muda mfupi mno, zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Soma za RMS, yaani nguvu ambayo chombo huweza kuitoa mfululizo. Spika yenye usikivu (yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa nguvu ileile) wa desibeli 90 huhitaji nusu tu ya nguvu inayohitajiwa na ile ya desibeli 87, na huo ni unafuu mkubwa mno usiofaa kupuuzwa. Seti za sabufa zenye spika ndogo, zinazouzwa kila duka, sizipendekezi kwa kazi hii, kwani besi yake huvuma kwa noti moja na kuzimeza chelo. Pale ambapo umeme hupanda na kushuka, weka stebilaiza.

Waya wa shaba wa kawaida unatosha, mradi nyekundu iende kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi kwa spika zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, besi hupotea. Katika programu ya muziki, zima kitufe cha kusawazisha ukubwa wa sauti pamoja na vikuza-besi vyote.

Sasa pima. Boléro ya Ravel, ya mwaka 1928, inafaa sana, kwa kuwa huanza na ngoma ndogo inayopigwa kwa upole chini ya filimbi, ikapanda kwa takriban robo saa hadi okestra nzima. Anza na dakika ya mwisho: weka sauti iwe kubwa bila kukuumiza masikio, kisha rudi mwanzo bila kugusa rimoti. Ngoma ile ikisikika pigo kwa pigo, umefaulu. Baada ya hapo cheza simfoni yoyote uliyoizoea. Katika mpangilio wa kawaida wa okestra, fidla za kwanza zitoke kushoto na kontrabesi kulia, kila kundi likiwa na mahali pake. Zikichanganyikana, zigeuze spika kidogo kukuelekea, kisha usikilize tena. Ukisharidhika, bandika utepe sakafuni kuzunguka kila spika, ili atakayepiga deki azirudishe palepale.