Jinsi ya kuomba kuanzisha ulinzi shirikishi mtaani: msiingie lindo kabla ya muhtasari wa mkutano

Mtaani kwetu, hapa Dar es Salaam, tulikuwa tumechoka. Mita za maji ziling'olewa usiku, akina mama wanaowahi sokoni alfajiri walikabwa kwenye kichochoro kilekile, na pagale la jirani likageuka kijiwe cha bangi. Tukachangishana, tukanunua tochi na filimbi, vijana tisa wakaingia lindo. Wiki ya pili wakamkamata mtu na betri ya bajaji ya wizi. Walipomfikisha kituoni wakaulizwa wao kwanza: nyie ni nani, na nani kawaruhusu? Hatukuwa na karatasi hata moja. Walikaa kaunta mpaka asubuhi wakitoa maelezo, na kulinyoosha jambo lile kukatuchukua miezi mitatu.

Kwa hiyo, kabla ya tochi, kusanyeni kero kwa maandishi. Kila aliyeibiwa aende kituoni atoe taarifa na apate namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi. Wengi hawaendi kwa kuona mali haitarudi, lakini wizi usioripotiwa hauonekani kwenye kitabu chochote, na mtaa unahesabiwa kuwa shwari. Sisi tulianza kwa kulalamika tu kwamba "wizi umezidi". Tulipoleta orodha ya tarehe, saa, mahali na RB, ndipo polisi kata alipokaa na sisi.

Kisha mwandikieni mwenyekiti wa mtaa barua ya kuomba ajenda ya ulinzi iingie kwenye mkutano wa wakazi. Ukurasa mmoja unatosha, ambatisheni ile orodha.

Mkutano wenyewe ndio uliotukwamisha. Watu walijaa, mikono ikanyooshwa, tukapiga makofi tukatawanyika. Hakuna aliyepitisha karatasi ya mahudhurio. Muhtasari ulirudishwa kwa kukosa saini za wakazi, ikabidi tuitishe mkutano mwingine, na safari hiyo waliokuja hawakufika hata nusu. Karatasi ya mahudhurio ianze kuzunguka kabla mkutano haujafunguliwa: jina kamili, simu, saini. Muhtasari utaje maeneo ya lindo, saa za kuanza na kumaliza, mchango wa kila kaya, mtunza fedha, na kaya zilizosamehewa. Hilo la msamaha sisi tulilisahau, na mama mmoja mjane akagongewa mlango usiku kwa ajili ya shilingi elfu mbili. Linaniuma mpaka leo. Mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wakishasaini na kugonga muhuri, toeni nakala kwa mtendaji wa kata na polisi kata, na yenu mbaki nayo.

Sasa majina ya walinzi. Kila kijana awe na picha mbili za pasipoti, namba ya NIDA na wadhamini wawili wanaoishi mtaani. Orodha ipelekwe kwa polisi kata ahakiki. Msikwepe uhakiki huu kwa kuoneana aibu; kwetu jina moja liliondolewa, na waliokuwa wakiibiwa walielewa kwa nini. Sungusungu, walinzi wa jadi wa Usukumani na Unyamwezini, walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1989 ndipo sheria ya mgambo ilipofanyiwa marekebisho ya kuwatambua. Mlinzi wenu naye anahitaji kutambuliwa hivyo, kwa jina na kwa kitambulisho, kabla hajamsimamisha mtu gizani.

Fedha zikusanywe kwa stakabadhi, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya wakazi.

Siku ya kwanza ya lindo, waelezeni vijana kwamba raia anaweza kumkamata mtu anayetenda kosa, lakini lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Asipigwe. Kelele ya "mwizi!" usiku inaita umati, na umati umeshaua watu wasio na hatia katika nchi hii. Kazi ya kwanza ya mlinzi hapo ni kumkinga aliyekamatwa, ya pili ni kupiga 112 au kumpigia polisi kata. Mkiwa na daftari la lindo, andikeni jina la aliyekamatwa, saa, mahali, alichokutwa nacho na askari aliyempokea. Kijana akiacha kazi, rudisheni kitambulisho chake cha ulinzi ofisi ya mtaa siku hiyohiyo na mpeleke orodha mpya kwa polisi kata.