Unga wa pankeki wa boksi: mambo ya kuzingatia kabla hujaupika tena

Wenye ndugu Marekani mnajua, mzigo ukifika ndani ya begi hakukosi boksi la unga wa pankeki. Siku ya kwanza linapikwa kwa shangwe, afu likibaki nusu linaanza kubaniwa, litatoka akija mgeni au watoto wakifunga shule, na hapo katikati linakaa kabatini miezi na miezi kwenye joto la pwani. Huko kulibania ndiko kunakoleta balaa kwa hiyo kama unalo hilo boksi soma kwanza ndo uwashe jiko.

Tarehe. Wamarekani wanaanza na mwezi ndo inafuata siku, kwa hiyo 03/09 kwao ni Machi 9, sio Septemba 3. Watu wanakula unga uliopitwa miezi sita wakidhani bado una wiki kadhaa. Yale maandishi ya "Best by" maana yake mpaka siku hiyo ubora uko vile mwenye kiwanda alivyokusudia, sio kwamba kesho yake unageuka sumu, lakini hesabu hiyo ni ya pakiti ambayo haijafunguliwa na imekaa mahali pakavu pa baridi. Ukishafungua, hiyo tarehe haikulindi tena. Na kama kabatini bado una boksi limeandikwa Aunt Jemima, jina hilo lilibadilishwa kuwa Pearl Milling Company mwaka 2021, kwa hiyo hata usisumbuke kutafuta tarehe, tupa.

Aina ya unga. Ule wa kuongeza maji tu ndani una maziwa ya unga, mara nyingi na mayai ya unga na mafuta, huo unaharibika mapema kuliko ule unaoweka mayai na maziwa mwenyewe. Unga wa ngano nzima nao una mafuta yake ya asili. Nusa kabla ya kupika, ukisikia harufu ya mafuta yaliyokaa, achana nao.

Kuumuka. Beking pauda ikikutana na unyevu wa hewa inaanza kufanya kazi yake humo humo kwenye pakiti, ikija siku ya kupika imeshachoka na pankeki zinatoka bapa kama soli. Koroga unga kidogo na maji ya vuguvugu, subiri dakika chache, usipoona mapovu ujue imeisha nguvu.

Wadudu wanaoonekana, fukusi na wenzake, mayai yao mara nyingi yanakuja na unga wenyewe. Unga mpya uweke friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri siku 4 kabla ya kuuhifadhi. Na usiwaachie watoto walambe mchanganyiko mbichi, unga haujapikwa, mwaka 2016 Marekani unga mwingi ulirudishwa kutoka madukani kwa sababu ya bakteria wa E. coli na pankeki za boksi zilikuwemo.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike. Wifi yangu aliletewa boksi, akalifungua sikukuu, uliobaki akakunja mdomo wa pakiti akabana na kibanio cha nguo akaweka kabati la juu ya jiko, pale pale mvuke wa sufuria unapopanda kila siku. Masika ikapita yote unga uko pale. Watoto walipofunga shule akautoa, tarehe bado ilikuwa nzuri, hakuna fukusi, hakuna bonge, harufu safi kabisa, mimi mwenyewe nilikuwepo jikoni nimekaa kwenye kigoda. Akapika, watoto wakala. Wa kwake wa katikati ana pumu na kila asubuhi anapiga chafya za vumbi, hajamaliza hata ya pili akaanza kujikuna midomo, afu macho yakavimba mpaka yanafumba, akaniangalia akaniambia shangazi nakabwa. Kifua kilikuwa kinalia mpaka unakisikia ukiwa mlangoni. Mama yake anakimbilia maziwa ampe, anasema atakuwa amekula sumu, nikamwambia wifi weka maziwa chini tafuta bajaji. Hospitali wakamchoma adrenalini na kumwekea oksijeni, akaanza kurudi. Wote tulishika mayai, tunasema ni mayai, wakati mtoto huyo anakula yai karibu kila siku na hajawahi kuwashwa. Daktari akauliza swali moja tu, unga ulifunguliwa lini?

Akatueleza kuhusu utitiri. Sio ule wa kuku, ni jamii yake, wadogo kiasi kwamba kwa macho unaona unga tu, na wanapenda joto la nyuzi 25 mpaka 30 na unyevu mwingi, yani hali ya hewa yetu huku pwani tena juu ya jiko. Wanaingia kwenye unga uliofunguliwa wanazaliana humo. Mtu asiye na aleji anakula na haoni kitu, ndugu zake wale walikula wakaenda kucheza. Lakini mwenye pumu au aleji ya vumbi anakuwa amekula kile kile kinachomsumbua kwenye vumbi la godoro, yani utitiri, ila safari hii kimeingia tumboni kwa wingi. Na kupika hakusaidii, moto unaua utitiri lakini kile kinacholeta aleji kinabaki. Madaktari wameshaandika visa vya namna hii toka miaka ya 1990, Marekani, Venezuela, visiwa vya Canary, wakauita kabisa ugonjwa wa pankeki, na wengi wanaopatwa ni hao hao wenye pumu na mafua ya aleji. Kuvu nayo ina lake, mwaka 2001 Marekani kilichapishwa kisa cha kijana wa miaka 19 mwenye aleji ya kuvu aliyefariki baada ya kula pankeki za unga uliokuwa umefunguliwa ukakaa kabatini miaka 2.

Kwa hiyo kama nyumbani kuna mwenye pumu au aleji, unga ukifunguliwa usirudi kabatini. Mimina kwenye kopo lenye mfuniko unaobana kweli kweli, andika tarehe ya kufungua kwa kalamu juu ya kopo, weka friji. Kibanio cha nguo sio mfuniko. Ukitaka kupika, toa, chota kwa kijiko kikavu, funga, rudisha hapo hapo, usiliache wazi mezani likatoa jasho. Unga mpya usiumwagie juu ya wa zamani, maliza, osha kopo, likauke mpaka ndani ya mfuniko. Huna friji, au umeme kwenu ni wa kuvizia? Basi fungua siku ambayo nyumba imejaa upike wote uishe, kubania hakuna faida. Au changanya wa kwako kidogo kidogo, vikombe 2 vya unga wa ngano, vijiko vya chai 4 vya beking pauda, vijiko vikubwa 2 vya sukari, chumvi nusu kijiko cha chai, maziwa na mayai weka siku ya kupika.

Na mtu akivimba midomo au akaanza kuhema kwa shida baada ya kula, usimpe maziwa, usimtembeze, usisubiri uone kama itashuka. Mlaze, kama hawezi kupumua akiwa amelala mkalishe, kama ana inhela apulize, na muwe njiani kwenda hospitali wakati anapuliza. Beba na boksi la unga, daktari atalihitaji.

Haya yote sio ya pankeki peke yake, unga wa keki wa boksi, unga wa lishe wa mtoto, ngano ya kupimiwa dukani kwenye gunia lililo wazi, vyote vinaingia utitiri. Ngano ya kupima muulize muuzaji gunia kalifungua lini, akishindwa kujibu nunua pakiti iliyofungwa hata kama ni ndogo.